Kanzu Zilizorudi

Kwao Mbwawa, sanduku la marehemu halifunguliwi mpaka mjane atoke eda. Miezi minne na siku kumi linakaa pale pale lilipoachwa, na mtu akiligusa kabla ya hapo wazee humuuliza ana haraka ya kwenda wapi. Mwanahalima alilelewa hivyo, akamwona mama yake akikaa eda hivyo, na wala haikumpitia akilini kwamba kuna watu, tena Waislamu wenzake wa mkoa ule ule, wanaofanya vingine. Kwa hiyo mumewe Maulidi alipofariki, naye akakaa eda nyumbani kwa wakwe zake Masaki ya Kisarawe, aliziacha dawa zake mle mle zilimokuwa zikikaa miaka yote saba ya ndoa, chini kabisa ya sanduku la Maulidi, zimefunikwa na kanzu zake.

Kumbe wakwe zake hugawa nguo asubuhi ya arobaini.

Hakuna aliyemwambia, maana kwao hilo ni jambo la kawaida, na jambo la kawaida nani hulitangaza? Siku hiyo aliswali Alfajiri, akangoja wanawake waliolala naye watoke kwenda kuwasha moto, akafungua sanduku, akameza kidonge chake saa moja kamili kama ilivyo ada, akafunga. Baadaye shangazi wa marehemu, Bi Tunu, aliyekuwa akimsimamia eda, akamchukua uani kuoga. Aliporudi, sanduku lilikuwa katikati ya sebule, wazi, na nguo zimepangwa juu ya mkeka kwa mafungu. Mkwewe, Mzee Mwinyijuma, alikuwa ameketi kwenye kigoda na makopo mawili meupe mikononi. Moja lilikuwa limejaa, la pili limebaki nusu.

Ndugu walikuwa kama kumi na wawili mle ndani, wote macho kwenye makopo.

"Hizi nazijua," alisema mzee. Sauti yake ilikuwa ndogo sana kwa mtu mwenye mwili ule. "Hizi ndizo nilizozikuta kwenye droo ya Shabani, tulipokwisha kumzika."

Shabani alikuwa mwanawe wa kwanza. Alikuwa amekufa miaka tisa nyuma, amekonda, akakutwa ameficha dawa bila kuzimeza. Maulidi naye alikufa amekonda. Alianguka na pikipiki kwenye mteremko akiwa na magunia mawili ya mkaa nyuma, akavunjika paja, kidonda kikaoza, akalala hospitali wiki sita mpaka akaisha. Pikipiki ilikuwa pale nyuma ya nyumba, usukani umepinda, kila mtu anaiona. Lakini makopo yalipotoka sandukuni, pikipiki ilisahauliwa papo hapo, na mle sebuleni watu wakaanza kutazamana kwa macho yale ya "kumbe."

"Mwanangu tumsitiri," alisema Mzee Mwinyijuma. "Lililoonekana humu liishie humu."

Akayafunga makopo kwenye kitambaa, akanyanyuka, akaenda nayo chooni mwenyewe. Mwanahalima aliyasikia yakitumbukia.

Sasa hapo ndipo pa kusema ukweli, nasi tuuseme bila kumpaka mafuta. Mwanahalima alikuwa na mdomo, na dawa zilikuwa zake. Maulidi hakuwa na ugonjwa huo wa virusi vya UKIMWI hata siku moja. Ni Mwanahalima aliyeupata kwa mume wake wa kwanza, kule Mlandizi, kabla hajaolewa Masaki, na Maulidi aliambiwa yote kabla ya posa. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa hizo dawa unaziweka wapi?" Alipoambiwa zinawekwa kwenye unga, akacheka mpaka akashika mbavu. "Kwenye unga watazipika. Zitakaa sandukuni kwangu. Sanduku la mwanamume hafungui mtu." Ndivyo ilivyokuwa. Kila asubuhi alimgusa mguu kwa kidole chake kikubwa: "Bibi, saa moja. Kazi imekuita." Kila baada ya miezi sita alimpeleka Kibaha, kliniki moja kule Tangini, mbali na macho ya Masaki, wakisingizia kwenda kumsalimia mama mkwe. Naye Maulidi alikuwa akipimwa huko huko, na kila mara majibu yalikuwa yale yale. Hana.

Yote hayo Mwanahalima angeweza kuyasema pale sebuleni. Hakusema. Aliona haya, akaogopa, na kwa muda wa kupepesa macho akaona jinsi kimya kilivyo rahisi. Akakaa kwenye mkeka wake na nguo zake nyeupe za eda, akalia pamoja na wengine.

Na ule ukimya ulimlipa vizuri mwanzoni. Wanawake walimzunguka kwa huruma ambayo hajawahi kuipata tangu aolewe. Bi Tunu, ambaye siku nyingine chai yake ilikuwa na sukari ya kuhesabu, alimletea uji wa maziwa. Wifi yake Tatu, mdogo wake Maulidi, alimshika mkono akasema, "Wifi, nisamehee kaka yangu. Ukitoka eda nitakupeleka ukapime mimi mwenyewe." Mwanahalima aliitikia kwa kichwa. Uji ulikuwa mtamu, akaunywa wote.

Kesho yake saa moja ilifika, akawa hana cha kumeza. Kesho kutwa vile vile. Si kwamba alianguka au alipata homa. Mwili ulikuwa mzima kabisa, na hilo ndilo lililomtisha, maana nesi wa Tangini alimwambia tangu siku ya kwanza: utajiona mzima, ndio maana utashawishika kuacha, na vile virusi havilali, vinangoja usahau. Siku zilizobaki za eda zilikuwa karibu tisini. Alijaribu kufikiri angempata wapi mtu wa kumtuma Kibaha. Angemtuma nani, na angesema anaagiza nini?

Kisha kanzu zikaanza kurudi.

Ya kwanza ilikuja ndani ya kiroba, ikatundikwa kwenye kitasa cha mlango, bila hodi. Halafu likarudi koti. Isihaka, rafiki wa Maulidi wa kijiweni, alisema limembana, na Isihaka mwenyewe ni mwembamba kiasi kwamba koti lile lingemzunguka mara mbili. Asubuhi ya siku ya nne ikarudi ile kanzu ya kijivu, ambayo Maulidi aliivaa siku za Idi. Imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa vizuri. Mwanahalima aliichukua kutoka kwa Tatu, akaipeleka puani kutafuta harufu ya mumewe.

Ilikuwa inanuka dawa ya kuoshea vyoo.

Alikaa nayo mapajani. Hayakuwa majonzi, maana majonzi alishayazoea. Hii ilikuwa hasira, nyeupe kabisa, hasira ya mtu aliyetukaniwa mume. Mume aliyemfichia siri miaka saba, akamwamsha miaka saba, leo wanamsugua na dawa ya choo mpaka kwenye kola, na yeye kakaa hapa anakunywa uji wa maziwa!

Alinyanyuka na kanzu mkononi, akapita mbele ya Bi Tunu aliyebaki mdomo wazi, akatoka barazani. Mzee Mwinyijuma alikuwa akichambua korosho kwenye ungo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Rudi ndani, mwanangu. Watu wanapita njiani."

"Acha wapite. Dawa ulizozitupa ni zangu."

Mzee hakuacha kuchambua. "Usimbebee marehemu mzigo. Najua unampenda."

"Simbebei. Yeye ndiye aliyenibebea. Ni zangu, baba. Nimekuja nazo hapa kwako. Maulidi alijua kabla hajaleta barua ya posa, na alipimwa mpaka mwaka huu, hakuwa nayo. Mjukuu wako Firdausi naye kapimwa, hana."

Korosho zikasimama mikononi mwa mzee. Tatu alikuwa ametoka, amesimama mlangoni.

"Kwa hiyo ni wewe?" Tatu aliuliza.

"Ni mimi. Na unataka kujua kwa nini kaka yako hakuipata? Kwa sababu nameza. Saa moja, kila siku, mvua jua, niwe nafunga, niwe na mimba, niwe nimegombana naye. Mwezi wa Ramadhani namezea kwenye daku. Nimemeza mpaka kipimo hakivioni hivyo virusi, na visipoonekana sina cha kumwambukiza mume. Kaka yako kafa kwa pikipiki na magunia mawili ya mkaa. Pikipiki ile pale! Nyinyi mnamfulia kanzu kwa dawa ya choo!"

Watu wawili waliokuwa wakipita njiani walipunguza mwendo, kisha wakasimama kabisa, mmoja akijifanya anafunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa kandambili.

Mzee Mwinyijuma aliuweka ungo chini.  Mwanahalima alidhani atamwona akishusha pumzi, afurahi kwamba mwanawe hakufa kwa kile alichokidhania. Aliponyanyua uso, macho yalikuwa mekundu.

"Siku nne," alisema.

"Baba?"

"Siku nne umeniacha nikiamini nimezika watoto wawili kwa ugonjwa mmoja. Nimekaa hapa najiuliza nimewalea vipi, hata wote wawili wafe wakinificha. Na wewe uko humo ndani unanisikia."

Hilo lilimpata Mwanahalima mahali penyewe. 

"Hapo nimekukosea, baba," alisema, na machozi yakamtoka bila kuyazuia. "Nimekukosea wewe na nimemkosea marehemu. Unihukumu kwa hilo utakavyo. Lakini leo nakwenda Kibaha kuchukua dawa, na hilo sikukosei."

Bi Tunu alipata sauti yake. "Unakwenda wapi? Mwenye eda? Una siku themanini na kitu bado!"

"Mwenye eda akiumwa, shangazi, haendi hospitali?"

"Unaumwa wapi wewe? Si nakuona mzima?"

"Mzima kwa sababu nameza. Leo ni siku ya nne sijameza. Mnataka mningoje mpaka nionekane mgonjwa ndipo mniruhusu?"

"Ukivuka kizingiti hicho eda yako imevunjika, na ukirudi usirudi humu," alisema Bi Tunu, akimtazama kaka yake amuunge mkono. Mzee Mwinyijuma aliinamia ungo. Alikuwa ameshika korosho moja, anaigeuza geuza.

"Nitarudi," alisema Mwanahalima. "Eda hii ni ya mume wangu, si ya kizingiti. Nilisoma chuo cha Kurani kama wewe, na mwalimu alitusomesha kwamba mwenye eda hutoka akiwa na dharura. Nitarudi nikae kwenye mkeka ule ule mpaka siku ya mwisho, na anayetaka kunitoa anitoe mchana, watu wakiona."

Akaenda kuchukua baibui yake.

Alipotoka tena, Yassin wa bodaboda alikuwa ameshaitwa, yuko juu ya pikipiki anatazama mbali kwa adabu kubwa mno. Mwanahalima alipanda. Pikipiki haijaondoka, mtu akapanda nyuma yake na kumsukuma mbele.

"Sogea," alisema Tatu. "Mjane hatoki na bodaboda peke yake, watakuzulia na mengine. Sijakusamehe. Sogea tu."

Wakaenda mshikaki, watatu juu ya pikipiki moja, vumbi jekundu likiwapaka mpaka kwenye kope, hadi barabara ya lami, kisha wakapanda gari la Kibaha. Njia nzima Tatu alitazama dirishani. 

Kwenye kliniki ya Tangini alikuwepo nesi Laurensia, mama wa Kihaya mwenye miwani minene, anayemjua kila mgonjwa wake na kila kisingizio chake. Alitazama zile nguo nyeupe zilizokuwa zikichungulia chini ya baibui, akaweka kalamu chini.

"Nani?"

"Maulidi."

Laurensia alivua miwani akaifuta. Maulidi alikuwa akimtania kila akija kupimwa, akimwambia majibu yakitoka aandikiwe cheti cha kutundika ukutani. Alimpa Mwanahalima pole, akamwacha alie kidogo, kisha akavaa miwani na kurudi kazini.

"Ulipewa za miezi sita. Ziko wapi?"

"Chooni."

"Baba alidhani ni za kaka," alisema Tatu kwa haraka, akitazama sakafu. "Alitaka kumsitiri."

Laurensia hakushangaa hata kidogo. Alisema wapo walioliwa dawa na panya, na yupo mmoja aliyezifukia shambani akasahau ni kwenye shina gani la muhogo. "Siku ngapi hujameza?"

"Nne na leo."

"Umewahi. Wengine hukaa miezi mitatu wakiona haya, halafu nawaona wakiwa wamebebwa." Akamtoa damu ya kupima virusi, akamletea kidonge na kikombe cha maji, akasimama juu yake mpaka kikapita. Kisha akafungua faili. "Msaidizi wako hapa ni Maulidi. Nimfute?"

"Usimfute. Ongeza mwingine chini yake."

"Nani?"

 Mwanahalima aliwapitisha akilini watu wote aliowajua, na hakukuwa na mtu. Alikuwa karibu kusema aandikwe mwenyewe.

"Huyo msaidizi kazi yake nini?" Tatu aliuliza.

"Kumkumbusha saa. Kumchukulia dawa akishindwa kuja. Kumgombeza akizembea."

"Kugombeza naweza. Kuamka asubuhi ndiyo mimi siwezagi."

"Saa moja," alisema Laurensia, kalamu iko juu ya karatasi.

Tatu alivuta pumzi ndefu. "Haya niandike. Yeye ataniamsha, halafu mimi nitamkumbusha."

Mwanahalima alicheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu msiba, kikamtoka na kamasi, na wagonjwa kwenye benchi wakageuka kutazama.

"Na kitu kingine, nesi. Nataka barua ya uhamisho. Nihamie zahanati ya kwetu, kule kule Masaki."

Laurensia alimtazama juu ya miwani. "Miaka saba unanisumbua jina lako lisifike Masaki. Pale benchi liko barazani. Utaonekana."

"Nimeshaonekana. Nauli hiyo nitamnunulia mtoto viatu."

Walirudi jioni. Mlango haukuwa umefungwa, na mkeka wake ulikuwa bado pale pale, hakuna aliyethubutu kuukunja. Mzee Mwinyijuma alimwitikia salamu bila kumtazama, na kanzu ya kijivu ilikuwa imetundikwa uani kwenye kamba, inachuruzika maji. Mtu alikuwa ameifua upya kwa sabuni ya kipande. Mwanahalima hakuuliza ni nani. Mikono ya mzee ilikuwa imekunjamana kwa maji.

Bi Tunu ndiye aliyebaki na vita. Asubuhi wanawake wa jirani walijaa sebuleni, wengi kuliko hata siku ya arobaini, kila mmoja amekuja kumwangalia mgonjwa aone anafananaje. Bi Tunu akaingia na sahani mpya ya plastiki na kikombe chekundu, akaviweka mbele ya mkeka.

"Hivi ni vyako," alisema kwa sauti ya kusikika. "Vya humu ndani waachie wenyewe."

Saa moja ilikuwa imefika. Tatu, macho yamevimba kwa usingizi, alikuwa mlangoni akionyesha kidole kwenye saa ya simu.

Mwanahalima alifungua kopo mbele yao wote. Akatoa kidonge, akakiweka ulimini. Akakichukua kile kikombe chekundu, akamrudishia Bi Tunu mkononi, akanyanyuka, akawapita wale wanawake waliokunja miguu kumpisha, mpaka kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Akachukua kikombe cha bati cha nyumba, kile wanachonywea wote, akachota, akanywa mpaka tone la mwisho. Akakirudisha juu ya mfuniko, akarudi kuketi.

 Wanawake walizungumza habari za mvua na bei ya mihogo, na macho yote yako kwenye ndoo. Jua likapanda. Bati za nyumba ile hazina dari, na ilipofika saa tano sebule ilikuwa imechemka. Mmoja alijipepea na ncha ya kanga. Mwingine alilamba midomo. Hakuna aliyenyanyuka, wala hakuna aliyetaka kuondoka kabla ya mwenzake, asije akakosa kitu. Bi Tunu, ambaye ndiye aliyekuwa akisema zaidi ya wote, sauti ilianza kumkauka, akakohoa, akameza mate yasiyokuwepo, akakitazama kikombe chekundu mapajani mwake. Mwanahalima aliona wazi alichokuwa akikifikiri. Kukichukua hicho kungekuwa kujitangaza mgonjwa mbele ya kijiji kizima.

Adhuhuri ilipoadhiniwa, Bi Tunu aliinuka. Alikwenda kwenye ndoo, akakishika kikombe cha bati kwa vidole viwili, akachota, akafumba macho, akanywa. Kisha akachota tena, maana kiu haina aibu ikishafunguliwa.

Mwanahalima alimngoja amalize.

"Kesho saa moja nameza tena, shangazi," alisema. "Na kesho kutwa."